Baiskeli kwenye milima mikavu ya Hatta: namna ya kwenda na mwenyeji na kurudi mzima

Watu wetu wengi huku Emirati baiskeli wanayoijua ni ya kwendea kazini Sharjah na Deira, au ile ya Al Qudra kwenye lami nyororo, alafu siku mtu anaonyeshwa picha za milima ya Hatta na yeye anaitaka. Nenda, ni pazuri mno na si mbali, kama kilomita 130 tu toka Dubai mjini, ila usiende peke yako na usiende na kundi la wageni watupu. Tafuta mwenyeji. Njia za Hatta zina alama za rangi, kijani ndo rahisi, inafuata bluu, nyekundu, na nyeusi ya walioiva, kwa hivyo kupotea si shida kubwa. Shida ni yale ambayo kibao hakiandiki, jua litafika saa ngapi kwenye ule ukuta wa mawe, wingu lile la upande wa Oman ni la kupita au la kutukimbiza, kipande kipi cha njia kilichukuliwa na maji mwezi uliopita, nyumba ipi ukigonga unapewa maji na ipi upite kimya. Mgeni kipofu japo ana macho, na milima ya Hajar, ndo hii hii ya Hatta, haina huruma na kipofu.

Sisi watu wa Kiswahili tuna bahati huku Ghuba ambayo Mfilipino na Mhindi hawana. Waomani wanaosema Kiswahili wapo tele, familia zilizoishi Unguja, Pemba, Mombasa, wengine mpaka Burundi na Congo, wengi waliondoka baada ya mapinduzi ya 1964 na wakarudi Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970. Mwenyeji wangu mimi ni wa familia hiyo, mtu mzima kunishinda, namwita ami, lakini utoto wake ameumalizia upande wa Oman wa milima hii hii akifuata mbuzi, na sa hizi ana baiskeli nzuri kuliko yangu. Kwa hivyo maelekezo yote napewa kwa Kiswahili safi, na hiyo ni faida kubwa sana manake kwenye mteremko hakuna muda wa kutafsiri. Ukimsikia mtu dukani au msikitini anasema "karibu" kwa lafudhi ya Unguja, msalimie, kaa naye, muulize kwao wapi. Urafiki uje kwanza, baiskeli ifuate.

Si kila mwenyeji anafaa kuongoza lakini. Usimuulize "unaijua njia?", hapo kila mtu atasema naijua. Muulize mara ya mwisho ulipita lini, na je tukichoka katikati tunatokea wapi. Anaejibu pale pale kwamba nilipita wiki mbili nyuma, pale kwenye kona ya pili mawe yameporomoka, na ukichoka kuna njia ya gari nyuma ya kile kilima, huyo ndo wako. Anaekwambia atakukimbiza mpaka ulie, mwache aende na wenzake. Na wewe pia mwambie ukweli wako wote, kama una pumu, presha au sukari, kama hujawahi kushuka mteremko wa mawe, kama umefunga. Ramadhani siku hizi inaangukia ndani ya msimu wenyewe wa baiskeli, basi mnaweza kupanga kutoka usiku baada ya futari na taa kali, njia fupi ya bluu au kijani, lakini kupanda mlima na kiu ya mchana kutwa, hapana, usifanye.

Msimu ni toka mwisho wa Oktoba mpaka Aprili hivi. Kiangazi usiende kabisa. Serikali yenyewe inakataza kazi za nje juani toka saa sita u nusu mchana mpaka saa tisa, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, na ndugu zetu wanaofanya mijengo wanajua kwa nini, na kule mlimani mawe meusi yanashika moto na kukurudishia hata jua likishapita. Msimu ukiingia bado muondoke mapema, mwezi wa kumi na wa nne mnatakiwa muwe kwenye pedali jua linapochomoza na mmemaliza saa tatu au saa nne asubuhi. Disemba na Januari mna nafasi zaidi, ila asubuhi kuna baridi ya kweli, beba jaketi jepesi linalokunjika.

Kama hamna gari kuna basi la RTA, mamlaka ya usafiri ya Dubai, linalotoka kituo cha Dubai Mall mpaka Hatta, na baiskeli zinakodishwa pale Hatta Wadi Hub wakati wa msimu. Mwenye gari afuate njia inayobaki ndani ya Emirati, manake ile ya zamani ya E44 inakatiza kipande cha ardhi ya Oman na kuna ukaguzi, mtu wa viza ya kazi utarudishwa bure. Na mafuta ya gari ni juu yenu wageni, chakula pia. Mwenyeji asilipe kitu siku hiyo, hilo mi naona ni la lazima hata akikataa mara tatu.

Haya tuje kwenye baiskeli yenyewe, na hapa nitakaa kidogo manake tairi ndo zinazoharibu safari za watu. Mawe ya Hajar si mawe ya mto yaliyolainika, ni miamba iliyokuwa chini ya bahari zamani za zamani ikasukumwa juu, rangi ya kahawia kama kutu, na inavunjika vipande bapa vyenye makali. Hivyo vipande vinakata tairi ubavuni, sio chini. Tairi jembamba la mjini halifiki kilomita tano. Tafuta tairi pana, inchi 2.3 au 2.4, lenye ubavu mgumu, hata kama ni zito. Alafu kuna miba ya mgunga, mti ule ule wa Tsavo na Dodoma umejaa kwenye makorongo ya huku, mwiba wake unapita kwenye tyubu bila kuuliza. Dawa ni tairi isiyo na tyubu, ile unayoitia maji meupe ndani yanayoziba tundu yenyewe. Lakini huku kwa joto yale maji yanakauka haraka, usikubali muuzaji akwambie yanakaa miezi sita, fungua uangalie kila mwezi au miezi miwili, ukitikisa tairi na husikii kitu kinacheza ndani ujue yamekauka na sa hizi umebeba uzito wa bure.

Upepo wa tairi nao una hesabu yake. Ukitia mwingi baiskeli inaruka ruka juu ya mawe na breki hazishiki, ukitia kidogo rimu inagonga jiwe na kubonyea. Mtu wa kilo 70 au 80 mwenye tairi pana lisilo na tyubu aanze na psi, kile kipimo cha upepo cha kwenye pampu, 24 mbele na 27 nyuma alafu apunguze au aongeze kidogo kidogo, mwenye tyubu asishuke chini ya 30 manake jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Pima asubuhi pale pale mlimani, usipime nyumbani usiku.

Mfukoni au kwenye begi beba tyubu ya akiba hata kama tairi zako hazina tyubu, pampu, zile tambi za mpira za kuchomeka kwenye tundu, spana za kukunja, kiungo cha cheni cha akiba, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika gia za nyuma kwenye fremu. Hicho kila baiskeli ina chake na ukikivunja kwa jiwe umekwisha, hakuna fundi kule juu. Helmeti haina mjadala, glavu za vidole virefu pia, na pedi za magoti kama unaenda nyekundu. Miwani, hata kama si ya jua, kwa ajili ya vumbi la mwenzio.

Maji. Hewa ya huku kavu inakudanganya, jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona mkavu unadhani hujatoka jasho kumbe fulana imejaa chumvi nyeupe. Hesabu nusu lita mpaka lita nzima kwa kila saa, kutegemea joto, kwa hivyo safari ya saa tatu ni lita tatu mgongoni, na nyengine ziwe kwenye gari. Usinywe maji matupu tu, tia paketi ya ORS kwenye chupa moja, au kula tende na kitu cha chumvi. Tende mbili kila baada ya nusu saa zinatosha kabisa kuliko zile peremende za bei mbaya za duka la baiskeli. Na kunywa kabla ya kiu. Ami ana mtindo wake, kila akisimama anamwangalia kila mtu chupa yake, na mwenye chupa iliyojaa anamwambia anywe mbele ya watu. Mwenzenu akianza kulalamika kichwa, kichefuchefu, akawa anajibu ovyo au anatetemeka kwenye jua kali, safari imeisha hapo, kivulini, mvueni helmeti na fulana, mmwagieni maji mwili mzima na mpepee, na mpige 998 ya ambulansi au 999 ya polisi. Anaeongea ovyo msimlazimishe kunywa, anaweza kupaliwa.

Kwenye mwendo wenyewe mpangilio ni huu, mwenyeji mbele, mwenye nguvu na vifaa nyuma kabisa, wageni katikati. Kila njia panda mwenyeji anasimama mpaka wa mwisho aonekane. Acheni nafasi ya mita kumi hivi kati yenu, zaidi kwenye mteremko, manake wa mbele akianguka na wewe uko juu ya gurudumu lake mtaanguka wote. Lakini usiache nafasi kubwa mpaka usione anapopita, kwa sababu faida yote ya kuwa na mwenyeji kwenye mawe ni kufuata mstari wake. Angalia gurudumu lake la mbele limepita kulia au kushoto kwa lile jiwe, ameinuka wapi kwenye siti, amebadilisha gia wapi. Hilo ni darasa la bure, kuliko video zote.

Kupanda, weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, kaa mbele ya siti, kifua chini, na kanyaga kwa utulivu bila kushtua shtua, ukikanyaga kwa hasira gurudumu la nyuma linateleza kwenye kokoto na unasimama. Kushuka, shusha siti, inuka, pedali zote mbili ziwe sawa sawa, magoti na viwiko vilegee, matako nyuma kidogo, macho yaangalie mbali unapotaka kwenda. Ukiliangalia jiwe utaligonga jiwe. Breki kidole kimoja kimoja, funga zaidi kabla ya kona na uachie ukiwa ndani ya kona, na breki ya mbele usiibane ghafla kwenye kokoto.

Chini kwenye wadi, yaani makorongo ya mito mikavu, kuna changarawe nene inayomeza gurudumu. Hapo ukipunguza mwendo umezama. Ingia na mwendo, gia nzito kidogo, uzito wako uwe nyuma, usukani usiubane, uache ucheze kidogo wenyewe, na usijaribu kukata kona kali. Ukikwama shuka utembee, hakuna aibu hapo, ami mwenyewe anashuka.

Sasa jambo ambalo naomba ulisome taratibu, maji ya wadi. Mtu anafikiri jangwani hatari ni kiu, na ni kweli, lakini wadi inaua pia. Mvua inanyesha mlimani nyuma huko ambako huoni, juu yako mbingu ni bluu kabisa, na maji yanateremka kwenye mawe yasiyonyonya kitu yanafika kwako kama ukuta yamebeba mawe na miti. Tarehe 16 Aprili 2024 Emirati walipata mvua ambayo haijaonekana toka rekodi zianze 1949, Khatm Al Shakla upande wa Al Ain ilipimwa milimita 254.8 ndani ya siku moja, na siku mbili kabla yake upande wa Oman mafuriko yalichukua watoto wa shule. Kuna mvua za baridi Disemba mpaka Machi, na kuna zile za kiangazi za jioni zinazojikusanya juu ya Hajar ghafla. Kwa hivyo utabiri usiuangalie wa Dubai, angalia wa Hatta na wa milima ya jirani upande wa Oman. Usipumzike wala kuegesha gari ndani ya wadi hata kama kivuli cha mgunga ni kizuri namna gani. Mkisikia ngurumo, au maji yaliyokuwa safi yanabadilika rangi, au upepo wa baridi wenye harufu ya udongo unashuka korongoni, acheni kila kitu mpande juu ubavuni, baiskeli iache kama inakuchelewesha. Na sheria ipo, toka 2023 kusogelea mabonde na mabwawa wakati wa mvua ni faini ya dirhamu 1,000 na pointi sita za leseni, kuingia na gari kwenye wadi lililofurika ni dirhamu 2,000, pointi 23 na gari linazuiwa siku 60.

Hapo ndo utamjua mwenyeji wa kweli. Mmeamka saa tisa usiku, mmeendesha saa moja u nusu, baiskeli zimeshushwa, yeye anaangalia mlima anasema leo hapana, tukanywe chai. Usimbishie. Usianze habari za app yangu inasema asilimia kumi tu. Kama huwezi kukubali "leo hapana" ya mwenyeji basi hukumhitaji mwenyeji, ulihitaji mtu wa kukubebea chupa. Mimi nazipenda sana hizo asubuhi za chai, manake ndo anapokaa akakuonyesha maji yalipofika mwaka ule, ile alama ya takataka zilizonasa kwenye tawi juu ya kichwa chako, na ukishaiona kwa macho yako hutolala tena kwenye wadi.

Adabu nayo ni sehemu ya safari. Njia zengine zinapita karibu na mashamba ya mitende na mifereji ya falaj, ule mfereji wa maji ni roho ya kijiji, wanagawana maji yake kwa zamu toka enzi, na falaj tano za Oman ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Usirushe baiskeli juu yake, usioshe mnyororo wala miguu yenye mafuta humo. Ukipita kijijini punguza mwendo, salamu ya "salaam alaikum" kwa kila unaemkuta, na vaa kitu kinachofunika magoti, kaptula ya kubana iwe ndani ya suruali nyepesi. Picha za watu na nyumba omba kwanza. Mbuzi wakiwa njiani simama wapite, usiwapigie kengele watakimbilia bondeni na ni mali ya mtu. Mkikaribishwa kahawa kaeni hata dakika kumi, pokea kikombe kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kidogo unaporudisha, la sivyo utaendelea kumiminiwa. Ami hapo ananiachia mimi niongee kwanza kwa Kiarabu changu kidogo, alafu yeye ndo anamalizia, na wazee wanafurahi.

Nyoka wapo, kuna kipiribao mdogo wa rangi ya mchanga anaejificha chini ya mawe, anasugua magamba yake yanatoa sauti kama ya kukaanga. Usitie mkono chini ya jiwe usiloona, na ukitaka kukaa piga piga kwanza kwa mguu. Ikitokea mtu kaumwa, asitembee, msikate wala kufyonza, tulizeni mguu na mpige simu. Na simu yenyewe, kwenye mabonde mengi mtandao unakatika, na karibu na mpaka inaweza kuokota mtandao wa Oman ukakatwa pesa, kwa hivyo zima roming kama huna kifurushi, pakua ramani kabla hamjatoka, na mwachie mtu mjini ujumbe mnapita njia gani na mtakuwa mmemaliza saa ngapi. Ukivuka kabisa upande wa Oman namba ya dharura ni 9999.

Mara ya kwanza chukueni kijani mzunguko mmoja alafu kipande cha bluu, basi. Watu wanaona aibu kuanza na kijani, lakini pale ndo mwenyeji anakupima, anaona unavyoshika breki na unavyokunywa maji, na yeye ndo atakwambia lini twende nyekundu. Nyeusi isubiri msimu mwengine. Ukishazoea Hatta mwambie akupeleke Showka, Ras Al Khaimah, kule njia ni za mawe zaidi na alama si nyingi hivyo, mwenyeji anakuwa na kazi zaidi.

Mkirudi usiilaze baiskeli na vumbi lake, lile vumbi likichanganyika na mafuta linasaga cheni na gia kama msasa. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, tia mafuta yale makavu ya vumbi, si yale mazito ya mvua, alafu futa tena mpaka kidole kisinate. Zungusha kila tairi polepole ukitafuta vipande vya mawe na miba. Mwiba uliovunjikia ndani usiuchomoe usiku huo kama huna yale maji meupe ya kuongezea, uache umeziba tundu lake mpaka kesho duka lifunguliwe.